Kibao Namba Mbili

Jumatatu, tarehe 4

Joto nyuzi 38 kivulini. Juani sikupima, nilikihurumia kipimajoto.

Leo Shangazi ametangaza. Alitukalisha kwenye benchi la ofisi, mimi na Shemeji, chini ya suti za mpira zilizokuwa zinatudondoshea maji shingoni. Akasema magoti yake yamekwisha. Miaka ishirini na miwili ya kushusha watu korongoni kwa kamba, sasa basi. Jumapili tarehe 10 atamkabidhi mmoja wetu filimbi, naye ndiye atakuwa mkuu wa waongozaji. Wiki nzima atatutazama. Aliposema kutazama aliniangalia mimi.

Kwa haki sioni cha kutazama. Mimi ni mtoto wa kaka yake, damu moja. Shemeji ni mume wa mdogo wangu, amekuja juzi tu, miaka saba iliyopita. Mimi nina sauti, nina vichekesho, wateja wananipenda. Yeye ana fimbo. Kila asubuhi anaingia korongoni na ule mwanzi wake wenye alama nyekundu, anapima kina cha kila bwawa kama fundi anayempima bibi harusi gauni, halafu anaandika. Msimu wa joto maji yanapungua kila siku, basi kila siku anaandika. Wateja wamempa jina la Mzee Fimbo. Ana miaka thelathini na minne.

Shangazi ametukumbusha na habari ya vibao, mara ya elfu. Ukutani kuna ubao wenye misumari kumi na miwili, kila msumari na kibao chake chenye namba. Anayeingia korongoni huchukua kibao kwa mkono wake, na akitoka hukirudisha kwa mkono wake. Hakuna kumrudishia mwenzako. Hakuna kuingia peke yako. Joto likiwa kali mwisho ni saa saba mchana, kwa sababu alasiri mvua hunyesha milimani tusikokuona, na maji hutufikia huku jua linawaka. Saa nane ikikuta msumari mtupu, kengele inapigwa na mtu anaingia kutafuta.

Namba moja ni Shangazi. Mbili ni mimi. Tatu ni Shemeji. Mwenye mbili yuko karibu na moja kuliko mwenye tatu. Nimemweleza Mama Watoto hoja hii wakati tunakula. Akaniuliza kama nimekumbuka sabuni.

Jumanne, tarehe 5

Nyuzi 39. Kichwa kinauma, naandika nimelala.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuonekana. Kutoka ofisini hadi juu, korongo linapoanzia, ni nusu saa ya kupanda kilima juani. Watu wote hubeba suti zao mabegani na kuzivaa wakishafika kwenye maji. Nikajiuliza, mkuu anabeba suti begani kama nguo za kufua? Nikavaa tangu ofisini. Zipu mpaka shingoni, helmeti kichwani, kamba kifuani. Wateja walikuwa walimu wanne walio likizo. Walinitazama kwa heshima kubwa, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Chupa ya maji sikubeba. Ingeharibu umbo.

Kona ya kwanza nilikuwa mbele ya wote. Kona ya pili jasho lilikuwa linaingia kwenye viatu. Kona ya tatu sikuiona. Nilipofumbua macho nilikuwa chini ya kivuli cha mwamba, suti imeshushwa mpaka kiunoni, na Shemeji ananimwagia maji kisogoni kidogo kidogo kama anamwagilia mche. Wakati huohuo anawafundisha walimu. Alikuwa anawaambia kwamba mpira hauruhusu joto litoke, kwamba mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka msingoje aanguke, na kwamba kabla ya kuanguka huyu ndugu alikuwa anamwita mwamba Shangazi. Walimu waliandika. Mmoja aliomba nigeuke kidogo aone rangi ya uso.

Najuta kuvaa ile suti. Najuta zaidi kwamba walimu walimpigia makofi.

Jumatano, tarehe 6

Nyuzi 39 tena. Sikwenda kazini.

Mdogo wangu amekuja na chupa mbili za maji yenye sukari na chumvi, yamepimwa kwa kijiko, yametumwa na mumewe. Amesema Shemeji ameagiza ninywe taratibu, nisikojoe rangi ya chai. Ujumbe wa namna hiyo, mbele ya mama mkwe wangu! Mama mkwe alitikisa kichwa, akasema huyo ndiye mwanamume. Hakusema kuhusu mimi.

Niliyanywa. Kufikia saa kumi nilikuwa nimepona, jambo ambalo liliniudhi.

Nimelala hapa natafakari. Kumshinda mtu mwema ni kazi ngumu, hana pa kushikia. Lakini kila mtu ana udhaifu, na wa Shemeji ni ule mwanzi. Bila fimbo yeye ni nani? Kesho wanakuja wafanyakazi wa benki, sita, na mimi ndiye niliyezungumza nao kwenye simu. Niliwaahidi Jiwe la Kurukia, mita saba kwenda chini, mtu anaruka anapiga ukelele. Kila mwaka wakati kama huu Shemeji analifunga. Safari hii hatakuwa na cha kupimia.

Alhamisi, tarehe 7

Nyuzi 40.

Nilifika kabla ya wote, nikauchukua mwanzi, nikausimamisha nyuma ya ofisi kama nguzo ya kamba ya kuanikia suti. Kitu kikiwa wazi hakionekani. Nilijisifu kwa hilo mpaka saa mbili.

Shemeji aliutafuta dakika tano. Hakukasirika. Akasema basi atapima kwa mwili. Akawa anatangulia kwenye kila bwawa, anateremka kwa kamba, miguu kwanza, mikono kifuani, anazama polepole mpaka aguse chini. Sisi sote tunangoja kivulini. Nilitegemea watu wa benki wachoke. Wale ni watu wa benki, wanapenda kuona kitu kinahakikishwa. Walimshangilia kila bwawa. Chini ya Jiwe la Kurukia alisimama, maji yakamfika kifuani. Msimu wa mvua pale hapaguswi chini. Akainua mkono akatuonyesha, halafu akaokota kutoka miguuni mwake jiwe lenye ncha, kubwa kama kichwa cha mbuzi, akaliweka pembeni.

Mteja mmoja, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alinigeukia akaniuliza kama hapo ndipo nilipowaambia waruke. Nikasema nilikuwa natania. Hakuna aliyecheka. Nilipewa mfuko wa vyakula niubebe hadi mwisho.

Tuliporudi Shangazi alikuwa anaanua suti. Akaung'oa mwanzi, suti zote nane zikaanguka mchangani. Akautazama mwanzi, akanitazama mimi, akanikabidhi nimpelekee Shemeji. Afadhali angenitukana, matusi yana mwisho.

Zimebaki siku tatu. Kesho korongo limefungwa, Shangazi amesema joto limezidi na mvua inakaribia milimani. Hakuna wateja. Na hapo ndipo wazo lilipokuja, zuri, safi, halimdhuru mtu.

Ijumaa, tarehe 8

Saa nne na nusu asubuhi. Nyuzi sijui, nyingi.

Nimefanya! Niliingia korongoni saa kumi na mbili na nusu, peke yangu, nikakagua vyuma vyote kumi na vinne tunavyofungia kamba. Kimoja kimoja, kwa nyundo, kwa sikio. Namba tisa kinacheza kidogo. Nitaandika ripoti kwa mwandiko mzuri na kumkabidhi Shangazi kesho mbele ya Shemeji. Ndiyo, sheria inasema usiingie peke yako. Lakini ile ya kibao nimeitii kabisa. Nilikichukua namba mbili nikaacha msumari wazi makusudi, ili Shangazi akipita ofisini aone nani anafanya kazi siku ya mapumziko.

Korongo linatokea upande wa pili wa kilima, hatua chache kutoka mtaa wetu. Kuzunguka hadi ofisini ni nusu saa juani, na mimi tangu Jumanne nimejifunza habari za jua. Nimekuja nyumbani moja kwa moja. Simu iko kwenye droo ya ofisi, tunaziacha pale zisilowe. Nyumba tupu. Mama Watoto yuko kwenye cherehani zake, watoto kwa bibi yao.

Nitalala kidogo bafuni, saruji ina ubaridi. Nimewasha feni, nimelowesha taulo la kichwani. Kuna kitu mfukoni kinanichoma paja. Nitakitazama nikiamka.

Jumamosi, tarehe 9

Sikupima joto.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Nikiacha mpaka kesho nitaanza kujitetea.

Jana Shangazi alipita ofisini saa tano. Aliuona msumari. Alingoja mpaka saa nane, halafu akapiga kengele. Mama mkwe alitumwa kwangu, akagonga mlango wa mbele, akazunguka, akachungulia chumbani kwa dirisha, akaona kitanda kitupu, akarudi analia. Nani humtafuta mkwewe sakafuni bafuni? Na mimi nina feni inayounguruma na taulo limenifunika masikio.

Shemeji alimpigia simu mfuga nyuki aliye juu mlimani, ndiye macho yetu kule. Akaambiwa wingu lipo, ila bado liko mbali. Sheria inasema watafutaji wawe wawili. Wa pili ni mimi. Saa nane na nusu akaingia peke yake, kutokea chini, akapanda bwawa kwa bwawa akiita jina langu. Shangazi alibaki kwenye mdomo wa korongo na filimbi. Mipigo mitatu mirefu maana yake toka.

Niliamka saa tisa. Nikasikia watu. Nikajiuliza ni mpumbavu gani amebaki ndani siku kama hii. Nikatoka na taulo langu kichwani kwenda kutazama.

Mtaa mzima ulikuwa pale. Nilifika kwa nyuma, kwenye tangi la maji, na kitu cha kwanza nilichosikia ni sauti ya mama mkwe inasema kwamba nyumba ile sasa itapoa, kwamba mkwe wake alikuwa na mdomo lakini moyo wake haukuwa na kutu. Miaka kumi na minne sijawahi kusikia neno jema kutoka kwa yule mama. Nilisimama. Ningesema ilikuwa mshtuko, lakini sikushtuka. Nilifurahi.

Halafu jirani akasema nilimsaidia kuezeka. Kweli, nilimshikia ngazi. Halafu mdogo wangu, analia kwa kwikwi, akasema kaka yake ndiye aliyemfundisha kuogelea, alimshika kidevu wiki nzima asinywe maji. Nilikuwa nimesahau. Yeye alikuwa analia kwa ajili yangu, na mume wake ndiye aliyekuwa ndani.

Nilijua yuko ndani. Hilo ndilo ninaloliandika hapa, na sitaliandika tena. Jirani alikuwa amelitaja tangu mwanzo. Ningepiga hatua tatu na kusema nipo, Shangazi angepuliza filimbi, na Shemeji angegeuka. Lakini Shangazi alikuwa bado hajasema kitu. Kila mtu amesema, isipokuwa yeye. Nilitaka kusikia zamu yake. Neno moja tu. Nikangoja. Shangazi alikuwa anatazama maji, basi.

Aliyeniona ni Mama Watoto. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka kwenye tangi, akaniuliza kibao kiko wapi. Nikatia mkono mfukoni. Akaniuliza nimesimama hapo tangu saa ngapi. Nikasema nimefika sasa hivi. Akatazama chini. Taulo langu lilikuwa limedondosha maji, na mchanga uliozunguka miguu yangu ulikuwa umelowa duara pana. Akageuka, akamkimbilia Shangazi.

Filimbi ililia mara tatu. Baada ya dakika tano hivi Shemeji akajibu kwa yake, karibu kabisa, kwenye kona ya mwisho. Watu wakaanza kucheka na kukumbatiana. Halafu maji yakabadilika rangi. Mbingu bluu, jua linawaka, na maji yamekuwa kama chai ya maziwa yenye vijiti. Shangazi akapaza sauti kila mtu apande juu. Yakaja.

Alifanikiwa kupanda kwenye ukingo wa mwamba, lakini gogo lilimbana mguu. Tulimtoa kwa kamba saa kumi na mbili kasoro robo, maji yaliposhuka. Mguu wa kulia umevunjika mahali pawili. Mimi nilishika kamba. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka, na kila mtu akasema nimevuta vizuri.

Nimepiga hesabu. Nilisimama nyuma ya tangi dakika kumi. Yeye alipungukiwa na dakika mbili.

Jumapili, tarehe 10

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimekuwa nikiisikia methali hii tangu utoto. Asiyesikia ni mimi. Guu ni la mtu mwingine.

Nilikwenda hospitali asubuhi. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, akatoka nje bila kunisalimu. Shemeji mguu uko juu, umefungwa plasta mpaka pajani, uso umevimba. Niliketi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, nimeyahesabu, yalikuwa kumi na moja. Shemeji akaniwahi. Akaniuliza kama juzi nilikunywa maji ya kutosha, maana aliwaza njia nzima kwamba labda nimeanguka tena kwa joto, nimezidiwa mahali. Ndiyo maana hakungoja mtu wa pili.

Maneno yangu yote kumi na moja yakapotea. Nikamwambia chuma namba tisa kinacheza. Akanishukuru sana. Akaomba karatasi aandike.

Mchana Shangazi aliniita ofisini. Akanyoosha kidole kwenye msumari namba mbili. Nikakitundika kibao kwa mkono wangu, siku mbili nyuma ya saa. Kiligonga ukuta. Halafu akaivua filimbi shingoni, akaitundika kwenye msumari wa tatu, juu ya kibao cha Shemeji. Akasema itamngoja hapo. Mpaka apone, magoti yake mabovu yatashusha wateja, na yuko kijana wa kike aliyemfundisha zamani atakuja kumsaidia. Mimi korongoni siingii. Mimi nitakaa kwenye benchi, chini ya ubao, kutoka asubuhi hadi saa nane, nihesabu vibao. Akasema kazi hii huwa anaifanya yeye mwenyewe, hata Jumapili baada ya ibada hupita kutazama, na sasa ananipa mimi, kwa sababu anadhani naijua thamani yake kuliko mtu yeyote.

Nilitegemea kufukuzwa. Nililia. Akanipa kitambaa cha kufutia helmeti.

Alhamisi, tarehe 14

Nyuzi 37. Mvua ya milimani imepunguza makali.

Siku ya nne kwenye benchi. Vibao sita vimetoka, sita vimerudi. Nawatazama wateja wakirudisha kila mmoja kwa mkono wake, na kila kikigonga ukuta moyo wangu unatua. Sikujua kwamba sauti ile ndiyo iliyokuwa inamlaza Shangazi usingizi miaka yote hii. Natamani ningekaa hapa tangu zamani. Nisingekuwa na haja ya filimbi.

Shemeji amerudi nyumbani kwake, mtaa wetu, nyumba ya nne. Anatembelea magongo mpaka mlangoni. Mama Watoto kila jioni ananiuliza kama nimekwenda kumwambia. Hasemi kumwambia nini. Nasema kesho. Leo nilikwenda. Nilifika mpaka kizingitini. Mdogo wangu alinifungulia, akanikaribisha kwa sauti ya kumkaribisha fundi bomba. Shemeji alifurahi kuniona. Alikuwa anachonga mwanzi mpya. Alinionyesha alama nyekundu, akanieleza kwamba ameweka na ya pili, ya kifuani kwangu, kwa kuwa mimi ni mfupi kidogo na hataki nidanganyike na kina chake.

Nikasema kuna joto humu ndani. Nikaondoka.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyu wangu amekwisha ota meno, na bado sijamtambulisha kwa mtu.

Jumapili, tarehe 17

Nyuzi 38. Saa nane kasoro kidogo. Naandika dirishani, mikono ina rangi.

Nimepata njia. Usiku mzima nimegeukageuka, na asubuhi ikanijia. Kusema ni kugumu, mtu anasimama mbele yako anakutazama. Kutenda ni rahisi. Nitamwomba Shemeji msamaha kwa kitu atakachokiona kwa macho, na akishafurahi, nitamwambia na lile la dakika kumi, kwa kupitia tu, katikati ya mazungumzo.

Vibao vimechakaa. Namba zimefifia, ya kwake ndiyo mbaya zaidi, tatu inaonekana kama nane. Leo korongo limefungwa, hakuna mteja, kijana wa kike amekwenda kwao, Shangazi yuko ibadani. Nilipita ofisini saa tatu, nikavichukua vyote kumi na viwili kwenye mfuko. Nimevipiga msasa, nimevipaka nyeupe mara mbili, na sasa namba kwa rangi nyekundu, ileile ya alama za fimbo. Nimevipanga kwenye ukingo wa dirisha vikauke. Vinapendeza. Ya tatu nimeizungushia ua dogo. Kesho saa moja vitakuwa kwenye misumari kabla mtu hajafika, na hakuna atakayejua viliondoka.

Mama Watoto aliuliza ni nini ninachopaka kwa siri hivyo. Nikamwambia ni toba. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku, alinigusa bega alipopita kwenda kwa mama yake.

Nimefika hapa, kengele ya korongo imeanza kulia. Nimesikiliza vizuri, ndiyo yenyewe, na si kwa utani, inapigwa kama nyumba inaungua. Jumapili! Korongo limefungwa, na joto hili, na wingu lile nyuma ya kilima ambalo hata mimi naliona. Ni mpumbavu gani tena ameingia? Watu hawafundishiki.

Majirani wanatoka mbio. Nasikia mtu anasema si mmoja, ni kundi zima. Mama mkwe wangu amepita amejishika kichwa. Na sasa anapita Shemeji, na magongo yake, na kamba begani, anaruka kwa mguu mmoja kuelekea chini kwenye maji. Na mguu ule! Mdogo wangu anamfuata nyuma anamshika shati, hasikii. Yule mtu hana akili hata kidogo, nitamwambia.

Acha niende nikaone. Rangi haijakauka, nimefunga dirisha vumbi lisiingie, na kibao cha pili kimenigandia kidoleni, nitakwenda nacho hivyohivyo. Sitajitokeza mbele mara moja. Nitasimama kwanza pale kwenye tangi, dakika chache tu, nisikie ni nani na wanamsemaje.